Kuchagua programu ya kufundishia wafanyakazi mtandaoni: mwongozo kamili kwa waajiri wa Mombasa

Muuzaji wa programu za mafunzo akija ofisini, atakachokuonyesha ni skrini ya meneja: grafu za rangi, asilimia ya waliomaliza, vyeti vinavyojitengeneza vyenyewe. Huo ndio upande unaouza. Lakini anayesoma si meneja. Anayesoma ni mfua nguo wa hoteli ya Shanzu aliyetoka zamu saa tisa alasiri, karani wa bohari la Miritini ambaye simu yake imejaa picha za watoto, askari wa usiku kule Kilindini. Programu ikiwashinda hao, grafu zitabaki tupu na pesa zitakuwa zimekwenda. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mkononi mwa mfanyakazi na kupanda juu hadi kwenye mkataba.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kufundisha kabla hujaangalia programu yoyote

Keti na wakuu wa idara, si afisa wa rasilimali watu peke yake, muandike kila somo ambalo mfanyakazi anapaswa kulijua. Mbele ya kila somo andikeni mambo matatu: nani analihitaji, linarudiwa baada ya muda gani, na ni ushahidi gani utakaotakiwa siku mkaguzi akibisha hodi.

Hotelini orodha itakuwa na usafi wa jikoni, dawa za bwawa la kuogelea, la kufanya moto ukizuka, namna ya kupokea malalamiko ya mgeni. Kwa wakala wa forodha itakuwa nyaraka za mizigo, mabadiliko kwenye mfumo wa forodha wa KRA, usalama wa uwanja wa makontena. Yako masomo ambayo si hiari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi wa kuwawezesha kufanya kazi salama. Rekodi ya nani alifundishwa nini, lini, basi, ni kitu cha kukukinga wewe na kumkinga yeye.

Kisha pigia mstari masomo yasiyofundishika kwa simu. Hakuna mtu aliyejua kuendesha foklifti kwa kutazama video, wala kizima moto hakizoeleki mpaka ukishike na kuvuta pini. Programu inaweza kutangulia kwa nadharia na kufuatia kwa maswali, lakini lazima iwe na mahali ambapo supavaiza ataweka alama kwamba fulani amefanya kwa mikono mbele yake. Uliza jambo hili mapema. Programu nyingi za bei rahisi hazina.

Hatua ya 2: Hesabu watu, na simu zao

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na hapa ndipo mambo huharibika. Unahitaji kujua wafanyakazi ni wangapi, wangapi ni wa kudumu na wangapi ni vibarua au wa msimu. Unahitaji pia kujua wanashika simu gani, zina nafasi kiasi gani, wana barua pepe au hawana, na wanasoma lugha gani bila kutoa jasho. Usikisie. Wapitie wakati wa chakula cha mchana, idara baada ya idara.

Suala la barua pepe ni kubwa kuliko linavyoonekana. Niliwahi kuitwa kwenye hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini ambako programu ilitaka kila mtu awe na barua pepe. Watu wa dobi, bustani na jikoni hawakuwa nazo. Supavaiza, kwa nia njema kabisa, akawaandikia za kubuni ili siku ipite. Wiki hazikufika mbili watu wakaanza kusahau nywila. Kila aliyeomba nywila mpya, ujumbe ulikwenda kwenye anwani isiyokuwepo. Idara nzima ikafungiwa nje, na ripoti ya mwezi ikaandika kwamba dobi hawataki kusoma. Walitaka. Hawakuwa na mlango.

Sharti la kwanza kwenye orodha yako liwe hili, basi: mtu aweze kuingia kwa namba ya simu au namba ya kazi, na nywila irudishwe kwa SMS au na supavaiza wake papo hapo. Programu isiyoweza hilo iondoe mapema, hata kama kila kitu kingine kinakupendeza.

Kuhusu lugha, tazama vitu viwili mbalimbali. Kimoja ni vitufe na maelekezo ya programu yenyewe. Uliza kama vipo kwa Kiswahili na uombe kuviona, kwa sababu tafsiri ya nusunusu humchanganya mtu zaidi kuliko Kiingereza kitupu. Cha pili ni masomo. Hayo ni bora yaandikwe hapa hapa, na sauti iwe ya mtu wa kazini: mkuu wa jikoni akieleza kwa Kiswahili chake namna ya kutenga ubao wa kuku na ubao wa mboga atasikilizwa kuliko sauti yoyote ya kununua.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bando

Nyaya za chini ya bahari zinazoiunganisha Kenya na dunia, TEAMS na SEACOM za mwaka 2009 zikiwa za mwanzo, zinatia nanga hapa hapa Mombasa. Pamoja na hayo, mfanyakazi anayevuka feri ya Likoni jioni yuko kwenye bando la siku, na akilimaliza, limekwisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Video iliyobanwa kwa megabiti 1 kwa sekunde hula karibu megabaiti 7.5 kwa dakika. Somo la dakika 10 ni megabaiti 75. Masomo 8 ya mfanyakazi mpya ni megabaiti 600. Somo hilo hilo likitolewa kwa sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde pamoja na picha 10 za kilobaiti 100 kila moja halifiki hata megabaiti 6. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, na kwa masomo mengi ya kazi picha iliyotulia yenye sauti inafundisha vizuri tu. Video iachie mambo ya mwendo: kunyanyua mzigo bila kuumiza mgongo, kumfunga mtu bendeji.

Maswali ya kumuuliza muuzaji ni haya. Je, somo linaweza kupakuliwa kwa Wi-Fi ya kantini na kufunguliwa nyumbani bila mtandao? Majibu ya mtihani yakijibiwa bila mtandao yanahifadhiwa kwenye simu na kujituma yenyewe mtandao ukirudi, au yanapotea? Video ikikatika katikati, inaendelea ilipoishia au inaanza upya? Jibu la "mara nyingi haina shida" si jibu. Mwambie azime data mbele yako aonyeshe.

Na nitasema wazi ninavyoamini: mafunzo ya kazi ni kazi. Si haki mtu anayelipwa kwa siku achome bando lake na saa zake za mapumziko ili kampuni ipate ripoti nzuri. Tenga muda ndani ya zamu, weka Wi-Fi inayoshika mpaka kantini, na kama ni lazima asome nje, mtumie bando. Ukishaamua hivyo, weka gharama hiyo kwenye bajeti ya programu, kwa kuwa ndiyo gharama yake halisi. Kumbuka pia Ramadhani: somo la saa kumi jioni ambalo mwezi mwingine lingesomwa, mwezi huo litasubiri.

Hatua ya 4: Jua ni aina gani ya programu unayohitaji

Zipo njia nne ambazo kampuni ya hapa inaweza kuzishika.

Ya kwanza ni programu huria unayoisimamia mwenyewe, na maarufu kuliko zote ni Moodle. Ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vinaitumia, kwa hiyo kijana anayeifahamu hakosekani. Leseni yake hulipii. Unacholipia ni seva, jina la tovuti, na mtu wa kuiangalia: kufanya nakala rudufu, kuziba mianya ya usalama, kupandisha matoleo mapya, ambayo makubwa hutoka mara mbili kwa mwaka. Ina app ya simu inayoruhusu kupakua kozi, na mwalimu akiiruhusu, hata mtihani unaweza kufanywa bila mtandao. Inafaa kampuni yenye fundi wake au mkataba wa uhakika na fundi wa nje. Kama huna fundi, Moodle ya bure itakugharimu kuliko ya kulipia.

Ya pili ni programu za kukodi zinazokaa kwenye seva za muuzaji, kama TalentLMS na nyingine nyingi za aina hiyo. Unalipa kwa mwezi au mwaka kwa idadi ya watu. Kuanza ni kazi ya siku chache. Kampuni ya watu 40 hadi 300 isiyo na idara ya kompyuta, mara nyingi nitaielekeza hapa.

Ya tatu ni kutumia ulivyonavyo tayari: Google Classroom, fomu za maswali, folda ya pamoja. Kwa kikundi kidogo cha ofisini inatosha. Lakini Classroom ilijengwa kwa ajili ya mwalimu na darasa lake. Haisomi yenyewe kozi za muundo wa SCORM, utakaoelezwa kwenye hatua ya 5, wala haikukumbushi kwamba mafunzo ya huduma ya kwanza ya fulani yanaisha mwezi ujao.

Ya nne ni masomo mafupi kupitia WhatsApp. Usiidharau. Kila mtu anayo, na mtu hahitaji kufundishwa kuitumia. Kasoro yake ni rekodi: kundi la WhatsApp halitakuambia nani alielewa na nani alituma dole gumba tu. Zipo programu zinazotuma somo kwa WhatsApp huku zikihifadhi majibu kwingine, na kwa watu wa uwanjani na madereva hizo zinastahili kujaribiwa.

Hatua ya 5: Hakikisha masomo yako yanaweza kuhama

SCORM ni kanuni za kufunga kozi ili isomeke na programu yoyote inayozifuata. Zilitokana na mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na toleo la 1.2 la mwaka 2001 bado ndilo linalokubalika karibu kila mahali. Kozi iliyofungwa kwa SCORM unaichukua na kuipeleka kwa muuzaji mwingine. Kozi uliyoijenga ndani ya zana ya muuzaji ya kutengenezea kozi kwa kawaida inabaki kwake ukiondoka, na kazi ya miezi inaanza upya. Yapo matoleo mapya zaidi, na xAPI, kanuni nyingine za aina hiyo, lakini kwa mwajiri wa kawaida swali moja linatosha: "Kozi ninayoijenga leo kwenu nitaitoaje kesho?"

Vyovyote itakavyokuwa, weka faili asili nyumbani kwako: maandishi, picha, sauti, maswali na majibu yake.

Hatua ya 6: Jaribu na watu wenyewe kabla ya kulipa

Karibu kila muuzaji hutoa muda wa majaribio bila malipo. Kampuni nyingi huutumia vibaya: meneja na fundi wa kompyuta wanabofyabofya ofisini, wanaipenda, wanasaini. Fanya tofauti.

Chagua programu mbili, zisizidi tatu. Tengeneza somo moja fupi la kweli, lile lile kwenye zote. Kisha chagua watu sita, na usichague wachangamfu. Mtu mzima kuliko wote dobi, kijana aliyeanza wiki iliyopita, mwenye simu yenye nafasi finyu, askari wa usiku, supavaiza mwenye kazi nyingi, na mmoja anayesema waziwazi kwamba haya mambo ya simu hayataki. Wape kiungo, uketi nao kantini, na ufunge mdomo. Ugumu uko kwenye kufunga mdomo. Utatamani kuonyesha kitufe. Usionyeshe, kwa sababu siku ya kweli hutakuwepo.

Andika yote unayoyaona: dakika zilizopita tangu apokee kiungo hadi somo kufunguka, mahali alipokwama, alichofuta kwenye simu ili app iingie, swali alilomuuliza jirani.

Katika jaribio la namna hiyo nilimtazama mama mmoja wa idara ya usafi. Vidole vyake vilikuwa vimelainika kwa maji na sabuni za kutwa, kioo cha simu hakikuvisoma vizuri. Majibu manne ya swali yalikuwa yamebanana, mstari juu ya mstari, na kila alipobonyeza moja likachaguliwa la jirani. Swali lilihusu dawa zisizochanganywa. Alinieleza kwa mdomo bila kusita kwamba jiki haikutani na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi inayochoma kifua, na kwamba dirisha hufunguliwa kwanza. Programu ilimpa alama ya kufeli.

Tangu hapo sharti jingine halitoki kwenye orodha yangu: swali moja kwa skrini, vitufe vikubwa vyenye nafasi kati yake, sauti ya kusoma swali, na ruhusa ya kubadilisha jibu kabla ya kutuma. Angalia pia kama supavaiza anaweza kuandika matokeo ya mtihani wa mdomo. Mtu anayeijua kazi asifelishwe na kioo.

Upande wa meneja jaribu kitu kimoja tu cha maana: toa ripoti ya idara moja, ya somo moja, yenye majina na tarehe, kana kwamba mkaguzi yuko mapokezi. Ikikuchukua zaidi ya dakika tano, uliza kwa nini.

Hatua ya 7: Fanya hesabu ya mwaka mzima, si ya mwezi

Pwani tuna misimu. Hoteli inayojaa Desemba hupunguza watu mvua za masika zikianza, na bei ya "kwa kila mtu aliyesajiliwa" haijali hilo. Tuseme muuzaji anatoza dola 3 kwa mtu kwa mwezi. Una watu 60 wa kudumu, na 90 zaidi kwa miezi 5 ya msimu. Ukilipia watu 150 mwaka mzima ni dola 5,400. Ukilipia walio kazini tu kila mwezi ni 150 kwa miezi 5 na 60 kwa miezi 7, yaani dola 3,510. Tofauti ya dola 1,890 imetokana na maneno machache ya mkataba. Uliza kama wanahesabu waliosajiliwa au walioingia mwezi huo, na kama unaweza kumweka mtu kando na kumrudisha msimu ujao na rekodi zake zikiwa kamili. Kibarua anayerudi kila Desemba asianze kozi ya moto upya kama cheti chake hakijaisha.

Kisha ongeza yasiyoandikwa kwenye bango la bei: VAT ya asilimia 16, mabadiliko ya bei ya dola, ada ya kuanzishiwa, bando, na saa za mtu wa kuandaa masomo, ambazo mara nyingi hupita bei ya programu yenyewe. Malipo ya nje ya nchi mshirikishe mhasibu mapema, kwa ajili ya kodi ya zuio.

Upande wa mapato kuna NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Kila mwajiri anatoa shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi kama tozo ya mafunzo, na mamlaka hiyo hurudishia waajiri sehemu ya gharama za mafunzo iliyoyaidhinisha. Idhini huombwa kabla ya mafunzo. Wapelekee mpango wako wa mtandaoni mapema uwaulize wanakubali kipi.

Hatua ya 8: Soma mkataba ukiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data mkononi

Jina, namba ya kitambulisho na alama za mtihani za mfanyakazi ni data binafsi chini ya sheria ya mwaka 2019. Kampuni yako ndiyo inayoamua data hiyo itumikeje. Muuzaji anaishughulikia kwa niaba yako, na hilo lazima liwe kwa mkataba wa maandishi. Biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka husamehewa usajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini hoteli na kampuni za uchukuzi zimo kwenye orodha ya zinazotakiwa kujisajili hata zikiwa ndogo. Mombasa hiyo ni sehemu kubwa yetu.

Kwenye mkataba tafuta: data inakaa nchi gani na chini ya ulinzi gani, muuzaji atakuarifu baada ya muda gani data ikivuja, kwa kuwa wewe una saa 72 za kumjulisha Kamishna, na ukiondoka utapewa rekodi zote katika faili la jedwali linalofunguka, si lundo la vyeti vya PDF. Usikusanye usichohitaji. Kozi ya usafi wa jikoni haina haja ya tarehe ya kuzaliwa wala dini ya mtu.

Waambie pia wafanyakazi, kabla ya kuanza, nani ataziona alama zao na zitatumika kwa nini. Wakidhani ni mtego wa kuwafukuza, watamtafuta kijana mmoja mjanja awafanyie wote mtihani.

Hatua ya 9: Anza na idara moja

Chagua idara ambayo mkuu wake analitaka jambo hili kweli, uipe somo moja au mawili kwa mwezi mmoja. Mteue mtu wa zamu wa kusaidia, mwenzao, si wa ofisini, na umpunguzie kazi nyingine. Baada ya mwezi usiangalie asilimia ya waliomaliza tu. Nenda stoo uone kama dawa zimetengwa, tembea jikoni utazame mbao. Hapo utajua kama somo limefika, na utajua kama la kurekebisha ni somo lenyewe au ni programu.

Mikataba mingi ya kukodi hujirefusha yenyewe mwaka ukiisha usipotoa notisi, mara nyingi ya siku 30 au 60. Tafuta siku hiyo kwenye mkataba, rudi nyuma wiki sita, na uiandike kwenye kalenda ya ofisi ya fedha pamoja na yako, ili mazungumzo ya bei yafanyike wakati bado una nafasi ya kuondoka.